Povu Limejaa, Kola Bado Nyeusi

Jamani, hivi ni nani alitufundisha kwamba sabuni nzuri ni ile yenye povu jingi? Nitajieni jina lake tu, sitamfanya kitu. Nataka nimwoneshe kola ya shati langu. Nimwoneshe na risiti ya fundi. Basi.

Wewe mwenyewe unajua tulivyolelewa. Unamwaga unga kwenye beseni, unayapiga maji kwa mkono, povu likifika kwenye kiwiko unasema hapa sasa. Lisipofika, unaongeza. Hakuna anayepima. Ukimwona mtu anapima sabuni kwa kijiko unajua huyo mchoyo, na ukifika kwake usitegemee chai. Pale dukani kwa Mangi unga umening'inizwa kwa pakiti ndogondogo za jero, na swali la wateja wote ni moja: "Hii ina povu?" Mangi hajafua hata soksi tangu aje mjini, lakini anajibu palepale: "Hiyo? Hiyo ni povu tupu." Na wewe unalipa. Umeambiwa ni povu tupu, na umelipa.

Mimi nisingekuwa na ugomvi na povu kama si mashine.

Tulipata mashine ya kufulia. Nasema tulipata kwa heshima ya nyumba. Ni mtumba wa Ulaya, mlango wa mbele, kioo cha duara, maandishi ya Kijerumani kuanzia kichwani mpaka miguuni. Muuzaji aliniapia: "Bosi, hii unatia nguo, unatia sabuni, unakwenda kulala." Nikaona maisha ndiyo haya sasa. Siku inashushwa kwenye kirikuu wapangaji wote walitoka kuangalia. Mwenye nyumba naye akatoka. Hakusema hongera. Aliuliza luku atanunua nani.

Sasa ile mashine ina droo ya sabuni, na droo ina vyumba vitatu. Kimoja kina namba moja ya Kirumi, kingine namba mbili, cha tatu kimechorwa ua. Kuuliza ningemuuliza nani? Mjerumani mwenyewe hayupo. Nikatumia akili. Ua ni harufu nzuri, si ndiyo? Na kitu chenye harufu nzuri pale ni sabuni, si ndiyo? Nikaumwaga unga kwenye ua, nikaushindilia kwa kidole gumba. Mke wangu amesimama pembeni. Akauliza, "Baba Nasra, una uhakika?" Ndugu yangu, mwanamume akiulizwa hivyo mbele ya wapangaji anajibu nini? Nikachota kikombe kingine kizima, nikakimwaga ndani kabisa, juu ya nguo, ili asiulize tena.

Mashine ikaanza kuzunguka. Watoto wa nyumba nzima wakakaa chini mbele ya kile kioo wanaangalia nguo zangu zinavyopita. Wakazijua zenye matundu. Wakaanza kuyahesabu kwa sauti.

Kwa hiyo povu lilipopanda mimi nilifurahi. Likajaa kioo kizima, jeupe pe, nguo hazionekani, hesabu ya matundu ikakatika. Nikasema hapa sasa. Nikavuta kiti. Mashine ikahema, ikamwaga maji, ikavuta mengine, ikahema tena, nikawa najua inamalizia. Ndipo povu likachungulia kwenye droo. Halafu likatoka kwenye droo. Halafu likatoka kwa nyuma, mahali ambapo sikujua hata kama pana tundu. Nikachukua taulo. Nikachukua shuka. Nikamwambia mke wangu alete ndoo, akaniuliza povu unalichota kwa ndoo? Kumbe halichotwi. Unalizoa, unakwenda kulimwaga, ukigeuka liko palepale na limeongezeka.

Likapita koridoni. Likashuka ngazi. Likaingia uwanjani na maji yake chini yake, kuku wakatawanyika. Kandambili za mwenye nyumba, zile za buluu anazoziacha nje ya mlango wake akiingia kulala mchana, zikaondoka. Taratibu, bila haraka. Zikapita chini ya kamba ya kuanikia, zikapita bombani, zikaenda kutulia mlangoni kwa Mama Sudi. Zote mbili. Zimekaa sambamba, zimeelekea ndani.

Mama Sudi, kama hujui, anaishi peke yake na mwanawe.

Na mke wa mwenye nyumba akaingia getini wakati huohuo, ametoka sokoni. Alisimama na kapu lake. Akaziangalia kandambili. Akaliangalia pazia la Mama Sudi. Akaziangalia tena kandambili. Basi ikawa zamu yake kutoa povu. Mimi nikatoka mbio na taulo langu linachuruzika, nikamwambia shikamoo mama, samahani mama, hizo kandambili zimeletwa na sabuni.

"Zimeletwa na nini?"

Na sabuni, mama. Njoo ujionee. Nikamtangulia mpaka kwenye mashine nikijua ushahidi upo. Na ile mashine, ndugu yangu, mashine niliyoinunua kwa pesa yangu mwenyewe, ikawa imesimama kimya, kioo chake kidogo cha juu kinawaka herufi tatu: SUD.

Mama akazisoma kwa sauti. Moja moja. Halafu akanigeukia.

"Kwa hiyo hata mashine inajua."

Fundi alikuja jioni. Alicheka kwanza, na huko kucheka nadhani nako nilikulipia. Akasema SUD si mtu. Ni povu kwa Kiingereza, limekatwa mkia. Mashine za namna hii zikizidiwa na povu zinajisimamisha. Nyingine zinaandika herufi hizo, nyingine haziandiki kitu, zinaongeza tu kusuuza na kusuuza huku luku inateketea. Pampu yake imetengenezwa kusukuma maji, na povu kwa sehemu kubwa ni hewa. Ukiipa hewa inazunguka bure, haisukumi chochote. Nikamwomba arudie maneno hayo kwa sauti, upande wa dirisha la mwenye nyumba. Akakataa. Anasema yeye ni fundi wa mashine tu.

Nikamuuliza lile lililokuwa linaniuma. Povu lote lile, mbona kola bado nyeusi? Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hii inafua kwa maji kidogo. Inazipandisha nguo juu, inaziachia, zinaanguka, zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Uchafu unatokea hapo. Sasa wewe umezitandikia godoro." Elfu thelathini nimelipa kuambiwa nimetandika godoro. Na lile la ua akalisema palepale mbele ya mke wangu: kile chumba ni cha dawa ya kulainisha nguo, na mashine inakifungua mwisho kabisa, kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia. Yaani ilikuwa imehangaika kulimaliza povu la kikombe, inataka kupumzika, ndipo ikafunguliwa ua. Mke wangu hakusema kitu. Aliikunja tu khanga yake upya kiunoni. Afadhali angesema. Lakini nikuulize wewe msomaji, wewe ungeona ua ungeweka nini?

Nguo zilipokauka zilisimama. Sitanii. Suruali ya kazini niliiegemeza ukutani ikakaa. Shati la shule la mdogo lilimwasha shingo akarudi nyumbani na alama nyekundu. Za ndani sitaki hata kuzizungumzia, ila nilipanda daladala la asubuhi, nikakaa dirishani, na kutoka Tabata mpaka Buguruni nilikuwa najikuna kwa adabu, mkono mmoja ndani ya mfuko. Dada niliyekaa naye alihama. Hakukuwa na kiti kingine. Alihama akasimama.

Nikampigia simu fundi. Akasema hiyo ni sabuni imebaki kwenye nyuzi, zirudishe ndani, maji matupu, usitie hata chembe. Nikazirudisha. Povu likajaa kioo! Bila sabuni! Nikamwita mke wangu aje aone, hii si inamaanisha tunaweza kufua kwa sabuni ya juzi bila kununua nyingine? Hakuliona hilo kama uchumi.

Aliyenimaliza kabisa ni binti yangu, Nasra, yuko kidato cha tatu. Mtoto anakula ugali wangu, ada nalipa mimi, ananikalisha chini ananichorea sabuni kwenye daftari. Kila kichembe cha sabuni, anasema, kina pande mbili. Upande mmoja unapenda maji, mwingine unayakimbia maji unatafuta mafuta. Ukikutana na jasho la kola unaliganda, maji yanawavuta wote wawili, uchafu umetoka. "Sasa baba, kile kinachopanda juu ni sabuni iliyokwenda kushika hewa. Inayoshika uchafu wako iko chini kwenye maji, huioni." Uchafu wangu. Mbele ya wadogo zake. Nikamwambia sawa, kalale. Akasema ni saa kumi na moja jioni.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo nilipoonewa waziwazi. Pale kwetu miaka yote tunatumia kisima cha mwenye nyumba. Maji yake magumu, yana chumvi, ukioga nywele zinagoma kulala. Maji ya hivyo yana kalisi na magnesi, na vitu hivyo vinaikamata sabuni kabla haijafika kwenye nguo. Sabuni ya mche ndiyo inateseka zaidi: haitoi povu, inatoa utando wa kijivu unaojibandika kwenye beseni. Unga unavumilia kidogo, lakini nao povu lake ni la kubembeleza. Kwa hiyo mkono wangu ulishazoea. Kisima kikombe, kisima kikombe. Sasa siku ya mashine, kwa makusudi kabisa, maji ya bomba yakatoka. Maji ya Mto Ruvu, yale laini. Kikombe ni kilekile, mkono ni uleule, maji ndiyo yamebadilika kimyakimya. Nani aliniambia? Maji yakikatika tunatangaziwa. Yakija laini hakuna anayetutahadharisha.

Basi nikaambiwa nikanunue sabuni ya mashine. Nikaenda supamaketi, maana kwa Mangi ukimwomba sabuni isiyo na povu anadhani umekuja kumtania. Rafu nzima, ndugu yangu. Za unga, za maji, za vidonge vidogo vinavyoyeyuka na ngozi yake. Kuna zilizochorwa mkono ndani ya beseni, hizo ndizo zetu za kufikicha. Kuna zilizochorwa mashine. Nikajua nimemaliza, kumbe mashine nazo ni mbili, ya mlango wa juu na ya mlango wa mbele, na ya mlango wa mbele ndiyo haitaki povu kabisa. Nimesahau miwani. Nikawa naikaribisha pakiti puani, naisogeza mbali, naikaribisha tena. Binti wa dukani akanifuata nyuma. Nikarudisha pakiti akairekebisha ikae sawa. Nikachukua nyingine akaniangalia mfuko wa suruali. Mwisho nikamuuliza kwa mazoea, "Dada, hii ina povu?" Akasema, "Hapana baba, hiyo haina." Nikamwambia basi nipe. Foleni yote ikageuka.

Bei sasa. Pakiti ndogo, bei ya kubwa. Na Nasra amenisomea maandishi ya nyuma nimechoka: ndani yake wametia dawa ya kuua povu. Silikoni. Yaani hawa watu za mkono wanazitengeneza zitoe povu jingi kwa sababu ndilo tunalouliza dukani, halafu hii wanatia dawa ya kulizuia, na anayelipa zaidi ni mimi niliyenyimwa. Nikasema ngoja nione kingine kilichomo. Kuna vimeng'enya. Kimoja cha protini, kinakula damu, yai na maziwa. Kimoja cha wanga, kinakula uji na ugali. Kimoja cha mafuta, kinakula mchuzi. Nikaona hii si sabuni, hii ni menyu, na imekula vizuri kuliko mimi mwezi huu. Ila ukiwapa maji ya moto wa kuchemka vimeng'enya wanakufa, na nani anataka kufua kwa maiti? Damu nayo ndiyo hutakiwi kabisa kuianzia maji ya moto, inaganda kwenye kitambaa. Maji ya baridi. Hayo yote nimeyajua nikiwa na umri huu, na mvi.

Nikapima vijiko viwili vya chakula. Viwili tu, kwenye chumba cha namba mbili, siyo kwenye ua. Mke wangu akauliza kama ninafunga. Nikawasha. Nikakaa mbele ya kioo, na hakuna kitu. Maji ya uji mwepesi, nguo zinapanda zinaanguka, paa, paa. Matundu yote yako hadharani. Watoto wakarudi kwenye hesabu yao, safari hii na watoto wa nyumba ya pili. Lakini niseme kweli yangu, kola ilitoka nyeupe. Nilizunguka nayo nyumba nzima naionesha. Mke wangu akasema, "Enhe, na mikono yake je?"

Bado nina kisa cha kanzu. Tulikwenda harusini Temeke, mwenzangu wa sinia akapitisha kijiko cha mchuzi juu ya paja langu, tone likaangukia pajani. Manjano. Nikasema sisumbuki, nina vimeng'enya nyumbani. Nikalowanisha, nikapaka ule unga wa bei mbaya moja kwa moja kwenye doa, nikafikicha. Doa likageuka jekundu. Mbele ya macho yangu! Jekundu la machinjioni! Nikapiga kelele, mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akaiona kanzu, akaniuliza nimemfanya nani nini. Nasra akaja, akacheka mpaka akakaa chini: "Baba, manjano yakikutana na besi yanakuwa mekundu, tunafanya hivyo maabara." Nikasuuza, likarudi la njano. Nikatia kwenye mashine, likatoka la njano vilevile, maana vimeng'enya wanakula chakula, rangi hawaigusi. Nimesimama nimeishika, ikasikika sauti ya Mama Sudi dirishani kwake: "Shemeji, hiyo anika juani tu, jua linaila." Nikaanika. Jioni kivuli cha doa tu ndicho kilichobaki. Jua! La bure! Ila nilipomwambia Mama Sudi asante, nani alikuwa anapita na kapu lake? Usiniulize.

Juu ya hayo yote akaja mama mkwe, kutoka Kilwa, na begi la nguo. Nikamkaribisha mashine kwa fahari zote. Akainama kwenye kioo, akatazama muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Baba Nasra, hii sabuni yenu imekufa." Nikaanza kumweleza pande mbili za sabuni, na moja inapenda maji, akaniangalia mpaka sentensi ikaniishia njiani. Zilipotoka akazichukua zote, akaziloweka upya. Na alivyofanya sasa! Akachota maji ya kisima, akatia magadi, haya ya kuivishia maharage, akakoroga, akayaacha yatulie. Chini ya ndoo kukabaki kitu cheupe. Akamimina maji ya juu kwenye beseni, akapitisha mche wa sabuni, povu likapanda mpaka kwenye kiwiko. Kwa maji ya kisima! Nasra akapiga makofi: "Bibi amelainisha maji! Ametoa kalisi!" Bibi akasema yeye hajamtoa mtu. Nimelipa fundi, nimelipa supamaketi, nimelipa ada, na dawa iko kwenye kikopo jikoni karibu na chumvi. Akanikabidhi kola. "Hiyo fikicha mwenyewe, baba, mimi mgongo." Nikafikicha pale bombani, wapangaji wanapita, kila mmoja ananiuliza mashine imekufa lini.

Jana usiku nimegongewa mlango taratibu. Mwenye nyumba, pekupeku. Kandambili bado zinashikiliwa kama kidhibiti. Akaketi, akasema mkewe haamini mpaka leo kwamba sabuni inaweza kusafirisha kandambili, kwa hiyo anataka turudie tena mbele ya mashahidi. Kila kitu vilevile. Kikombe juu ya nguo, unga kwenye ua, kandambili palepale mlangoni. Balozi wa nyumba kumi atakuwepo. Nikamwambia luku atanunua yeye. Akakubali papo hapo, na unga wa povu tupu ameshanunua kwa Mangi, pakiti nzima ya kilo.

Tatizo ni maji. Bomba halijatoka tena tangu siku ile, na kwa maji ya kisima chake, kandambili zile haziendi popote.